Mashine ya Presha ya Nyumbani kwa Mjamzito: Tathmini Baada ya Miezi Saba ya Matumizi, Uyole, Mbeya

Ninachokitathmini hapa ni mashine ya kidijitali ya kupima presha, ile inayofungwa mkono wa juu, inayotumia betri nne ndogo na kuonyesha namba tatu kwenye kioo chake: presha ya juu, presha ya chini na mapigo ya moyo. Niliinunua Mwanjelwa mwaka 2023 nikiwa na ujauzito wa wiki 14, nikaitumia karibu kila siku hadi wiki ya sita baada ya kujifungua, na namba zote nilizozipata zimo kwenye daftari ambalo liko mezani ninapoandika. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa mashine za aina hii huuzwa kwa majina mengi, na nitakayoyaeleza, mazuri kwa mabaya, yanazihusu karibu zote. Ninawaandikia hasa wanawake waliowahi kupata presha ya ujauzito, ambao wanajiuliza kama inafaa kutoa fedha nyingi kiasi hicho kwa ajili ya kifaa ambacho kliniki ya jirani nayo inacho.

Sababu ya kuinunua ni ujauzito wangu wa kwanza, wa mwaka 2019. Nilianza kliniki Mei, nikaendelea katika miezi ile ya baridi, na anayeijua Uyole ya Juni anajua kwamba asubuhi mama mjamzito hatoki nyumbani bila sweta, na juu ya sweta kitenge kizito. Kwenye kituo nilichokuwa nikihudhuria tulipangwa kwenye benchi, mkanda wa mashine ukafungwa juu ya mkono wa sweta, na kabla pumzi haijanirudia baada ya kupanda kile kilima nikaambiwa, “Iko sawa, mama.” Kadi yangu ya mwaka ule ina 120/80 mara nne mfululizo. Leo ninajua kwamba nguo nzito huvuruga kipimo, na kwamba presha ya binadamu haigandi kwenye namba moja kwa miezi minne, lakini wakati ule niliitunza kadi ile kama cheti. Katika wiki ya 35 nilianguka jikoni nikiwa napika makande, nikashikwa na degedege mbele ya mama mkwe wangu, na nilipozinduka nilikuwa wodini, nimekwisha kufanyiwa upasuaji, na mtoto wa kilo 1.9 yuko kwenye chumba cha watoto njiti. Sote wawili tulipona. Wapo wengi wasiopona: Shirika la Afya Duniani huitaja presha ya ujauzito, pamoja na kutokwa damu, miongoni mwa visababishi vikubwa kabisa vya vifo vya uzazi, na kifafa cha mimba ni sura yake iliyo mbaya zaidi.

Kwa hiyo nilipopata ujauzito wa pili sikutaka tena kuletewa namba. Nilitaka kuiona mwenyewe ikipanda kwenye kioo.

Duka la kwanza waliniletea mashine ya kufunga kwenye kifundo cha mkono, nyepesi, nzuri kwa macho, na bei yake haikufika nusu ya ile niliyoinunua hatimaye. Niliikataa, na ninamshauri mjamzito yeyote aikatae, kwa sababu namba zake hubadilika kulingana na mahali mkono ulipo ukilinganisha na moyo: ukiushusha mapajani inapanda, ukiuinua inashuka. Duka la pili walikuwa na ya mkono wa juu kwa shilingi 95,000. Nilikuwa nimekwenda na futi ya kushonea, ile ya fundi cherehani, nikapima unene wa mkono wangu katikati ya bega na kiwiko, nikapata sentimita 34. Mkanda uliokuja na mashine ulikuwa umeandikwa 22–32. Kijana muuzaji akaniambia, kwa nia njema kabisa, “Mkanda ni mmoja kwa watu wote, dada, unakaza tu.” Nikamwomba tujaribu. Kwa mkanda ule mdogo nilipata 131/86; tukapumzika, tukafunga mkanda wa 22–42 uliokuwa ukiuzwa peke yake, nikapata 119/77. Ni mwanamke yuleyule, kwenye kiti kilekile, ndani ya dakika kumi. Niliongeza shilingi 20,000 nikachukua mkanda mkubwa, na mpaka leo ninaamini hiyo ndiyo fedha niliyoitumia kwa akili zaidi katika ununuzi wote.

Ninalikazia jambo hili kwa sababu kosa lake lina pande mbili. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba isiyopanda, hivyo mama anaweza kupewa dawa asizozihitaji. Mkanda mkubwa mno kwenye mkono mwembamba huishusha, na mama akarudishwa nyumbani na presha iliyojificha. Huku kwetu wote wawili wapo, na mara nyingi wamekaa benchi moja.

Jambo jingine la kuuliza kabla ya kulipa ni kama mashine imehakikiwa kwa wajawazito, si kwa watu wazima kwa jumla tu. Mashine hizi hazisikilizi mapigo kama nesi anavyofanya kwa kifaa cha masikioni. Hupima mtikisiko wa mshipa, kisha hukokotoa namba. Ujauzito hubadilisha hali ya mishipa, na kwa hiyo mashine inayosema kweli kwa babu mwenye presha inaweza kukosea kwa mjukuu wake mwenye mimba. Lipo shirika la kimataifa liitwalo STRIDE BP ambalo tovuti yake huorodhesha mashine zilizohakikiwa, likiwa na orodha ya pekee ya wajawazito, na kuisoma hakuhitaji malipo. Mimi niliisoma baada ya kununua. Nilikuta mashine yangu imo kwenye orodha ya watu wazima na haimo kwenye ile ya wajawazito, na upungufu huo ulikuja kujionyesha wakati ambao ningependa kuusahau.

Wiki iliyofuata niliipeleka kliniki. Mkunga aliyenipokea hakuicheka wala hakuiona kama dharau kwake, jambo ambalo nilikuwa nimeliogopa. Alinikalisha, akaniambia nivue sweta, akasubiri, kisha tukapima kwa kupokezana: yake, yangu, yake, yangu. Tofauti haikuzidi 4. Akaandika matokeo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu, akaweka tarehe, akasema, “Kila ukija hapa, njoo nayo.” Mwenye mashine ya nyumbani asiifanye hatua hii kuwa ya hiari, kwa kuwa mashine ambayo haijalinganishwa na ya mtaalamu haimwambii chochote anachoweza kukitegemea.

Kuhusu namna ya kupima, kijitabu kilichokuja nayo hakina neno hata moja la Kiswahili, na huo ni upungufu mkubwa kwa bidhaa inayouzwa Mwanjelwa. Niliyoyafuata nilifundishwa na mkunga. Unakojoa kwanza. Unakaa dakika tano umeegemea, miguu yote miwili chini bila kukunja nne, mkono umelala mezani usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi tupu, na huzungumzi. Unapima mara mbili kwa kuacha dakika moja, na unaandika zote mbili, hata ile usiyoipenda. Baridi yetu ilinisumbua: wiki mbili za mwanzo nilipima mara tu nilipotoka kitandani, mkono wazi ukitetemeka, na namba za asubuhi zikawa juu ya zile za jioni karibu kila siku, kwa kuwa baridi nayo hubana mishipa. Nikabadilisha, nikawa napima nimejifunika blanketi mabegani na mkono mmoja tu ukiwa nje, na tofauti ile ikaisha. Mwanangu wa kwanza, yule wa kilo 1.9, alikuwa ameshatimiza miaka minne na alijifunza kunyamaza kila aliposikia mpira ukijaa upepo.

Namba zenyewe husomwa hivi. Kliniki, presha ya 140/90 au zaidi, ikithibitishwa kwa kupimwa tena baada ya saa kadhaa, ni presha ya ujauzito ikiwa imeanza baada ya wiki ya 20. Ikiwepo kabla ya hapo, mama huhesabiwa kuwa alikuwa nayo tangu awali. Nyumbani, ambako mtu ametulia zaidi, wataalamu wengi huanza kuwa na wasiwasi kwenye 135/85. Ikifika 160/110, hiyo ni dharura ya saa ileile, wala si ya kusubiri asubuhi. Presha hiyo ikiambatana na protini kwenye mkojo, au figo, ini na chembe za damu zikianza kuathirika, mama yuko kwenye hali inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Mzizi wake uko kwenye kondo la nyuma: mishipa inayolilisha haikupanuka inavyotakiwa tangu miezi ya mwanzo, kondo linakosa damu ya kutosha, nalo linamwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyoharibu mishipa ya mwili mzima. Mashine ya presha huona tokeo moja tu la mambo hayo yote. Haioni mkojo, haioni ini, haimwoni mtoto.

Ndiyo maana siwezi kuisifia mashine kwa yale yaliyofanywa na dawa. Nilipohudhuria mara ya kwanza, wiki ya 13, daktari alisoma historia yangu na siku hiyohiyo akanianzishia aspirini ndogo ya miligramu 75 kila usiku. Shirika la Afya Duniani huipendekeza kwa wanawake walio kwenye hatari kubwa, ianze kabla ya wiki ya 20, kwa sababu msaada wake uko kwenye miezi ile ambayo kondo bado linajijenga. Nilipewa na vidonge vya kalsiamu, ambavyo shirika hilohilo hupendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku kwa wajawazito wa maeneo ambayo chakula hakina kalsiamu ya kutosha. Mtu atashangaa kusikia hivyo akiwa mkoa wenye maziwa ya Rungwe, lakini nyumba nyingi ninazozijua maziwa ni ya kutia rangi kwenye chai. Kalsiamu niliinywa mbali na vidonge vya kuongeza damu, kwa kuwa vikikutana tumboni vinazuiana.

Hadi wiki ya 30 daftari linachosha kusoma: 116, 118, 121, 117. Wiki ya 31 presha ya chini ikaanza kugusa 82. Jioni moja ya wiki ya 33 nilipata 143/93, nikapumzika nikapata 141/92, na kabla ya kulala 146/94. Sikuwa na maumivu yoyote, miguu haikuwa imevimba kuliko kawaida, na tarehe yangu ya kliniki ilikuwa bado siku tisa. Siku tisa hizo ndizo ninazoihesabia mashine hii. Asubuhi nilikwenda na daftari. Mkunga akapima kwa mkono akapata 148/96, akachovya kijiti kwenye mkojo kikageuka rangi, protini alama mbili. Nililazwa siku nne, nikachomwa sindano nne za deksamethasoni za kukomaza mapafu ya mtoto, nikaanzishiwa methildopa, na nikaruhusiwa kwa masharti ya kurudi mara mbili kwa wiki kwa vipimo vya mkojo na damu.

Methildopa ni dawa ya zamani, inatia usingizi siku za mwanzo, lakini imetumika kwa wajawazito miaka mingi na usalama wake kwa mtoto unajulikana. Nifedipini na labetaloli nazo hutumika. Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliona kwamba presha ambayo si kali kwa mwanamke aliyekuwa nayo tangu kabla ya mimba iachwe tu, kwa hofu kwamba kuishusha kutamdumaza mtoto. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha wanawake 2,408, ulionyesha kwamba kuitibu ili ibaki chini ya 140/90 kunapunguza madhara na hakumfanyi mtoto azaliwe mdogo. Ninaliandika hili kwa ajili ya wale wanaoambiwa na majirani kwamba dawa za presha zitamuua mtoto. Zipo zinazomdhuru kweli: losatani, kaptoprili, enalaprili na ndugu zao huharibu figo za mtoto tumboni. Jirani yangu ninayempenda sana alinijia na losatani zake mwenyewe kwenye kitambaa, akisema zimemsaidia. Nilimshukuru, nikamweleza kwa nini siwezi, na hakukasirika.

Sasa ninafika kwenye upungufu ambao ndio hasa ulionifanya niandike. Katika wiki ya 36, usiku wa Jumapili, nilishikwa na maumivu ya kichwa upande wa mbele ambayo parasetamo haikuyagusa, na nilipoitazama taa niliona vimulimuli vikicheza pembeni yake. Nilipima: 144/92. Nikapima tena: 142/92. Zilikuwa namba zilezile za wiki nzima, na mume wangu, ambaye alikuwa ameiamini mashine kuliko mimi, alisema tulale twende asubuhi. Lakini mkunga alikuwa amenionya tangu mwanzo: “Ukiumwa kichwa kisichosikia dawa, ukaona maluweluwe, au ukabanwa chini ya chembe ya moyo, usiniletee namba, niletee mwili.” Tulipiga 115, namba ya m-mama isiyo na malipo inayomtafutia mjamzito mwenye dharura usafiri, na gari likatukuta. Hospitalini daktari alinipima kwa mkono, kwa kifaa cha masikioni, akapata 166/112.

Tofauti ya 22 kwa 20 si ya kupuuza, na haikutokana na betri wala mkanda. Ni jambo linalojulikana kwa wataalamu kwamba mashine nyingi za kidijitali huonyesha namba iliyo chini ya presha halisi pale ugonjwa huu unapokuwa mkali, kwa kuwa mishipa imebadilika na ukokotoaji wake haukutengenezwa kwa hali hiyo. Ndiyo sababu ya kuwepo kwa ile orodha ya wajawazito niliyoitaja. Mashine yangu ilikuwa sahihi kwa miezi mitano, ikakosea usiku ambao kosa lingeweza kuniua. Ninayeyasema haya bado ninaisifu, lakini ninamwomba kila atakayeinunua aijue sentensi hii kabla ya kuijua bei: namba iliyo kubwa humpeleka mtu hospitalini, na namba iliyo ndogo haimzuii kwenda akiwa na dalili.

Matibabu ya usiku ule nitayaeleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu wanawake wengi huyaogopa wasiyoyajua. Kwanza presha ilishushwa kwa nifedipini ya kumeza, ambayo pamoja na labetaloli na methildopa za vidonge zilionekana kufanya kazi hata kwa presha kali katika utafiti uliofanyika India na kuchapishwa mwaka 2019. Hidralazini ya sindano iliwekwa tayari ila haikuhitajika. Kisha ikaja magnesiamu salfeti. Hii si dawa ya presha, ni ya kuzuia degedege, na ushahidi wake ni mzito: mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, na waliopewa dawa hii walipata kifafa cha mimba kwa chini ya nusu ya wale ambao hawakupewa. Gramu 4 ziliingia polepole kwenye mshipa, na mwili wote ukawaka joto kuanzia kifuani kwenda usoni, kama mtu aliyefungua ghafla mlango wa tanuri. Nesi aliniambia kabla kwamba itakuwa hivyo, na kwa kuambiwa tu hofu ilipungua. Kisha gramu 5 kila tako, sindano zinazouma kwelikweli, na baada ya hapo gramu 5 kila baada ya saa nne.

Kabla ya kila dozi nesi alifanya mambo matatu, na hakuruka hata moja usiku kucha. Alinigonga chini ya goti kwa kinyundo kidogo kuona kama mguu unaruka, alihesabu pumzi zangu akitazama saa yake, akitaka zisipungue 16 kwa dakika, na aliinama kusoma mfuko wa mkojo. Magnesiamu ikizidi mwilini goti hunyamaza kwanza, kisha pumzi hufuata, na hutoka kwa njia ya mkojo, kwa hiyo mkojo ukipungua dozi husubiri. Juu ya kimeza palikuwa na bomba lililojazwa kalsiamu glukoneti, ambayo ndiyo kiuasumu chake. Nilimuuliza ni ya nini. Alinijibu, “Ya kutotumika, mama, ila lazima iwepo.” Sijawahi kujisikia salama mikononi mwa mtu kama usiku ule.

Tiba yenyewe ya ugonjwa huu ni kujifungua. Kwa kuwa nilikuwa na kovu la upasuaji wa kwanza na presha imekuwa kali, nilifanyiwa upasuaji alfajiri kwa ganzi ya mgongo, akazaliwa mtoto wa kike wa kilo 2.5. Ili kuzuia damu nilipewa oksitosini badala ya egometrini, kwa kuwa egometrini hupandisha presha. Magnesiamu iliendelea saa 24 baada ya hapo.

Watu huamini kwamba mtoto akitoka hatari imetoka naye. Sivyo. Presha mara nyingi hupanda tena kati ya siku ya tatu na ya sita baada ya kujifungua, yaani wakati mama ameruhusiwa, wageni wanamiminika na mtori unapikwa, na kifafa cha mimba kinaweza kutokea hata wakati huo. Hapa mashine ilifanya kazi kwa mara ya pili, na nadhani ilifanya vizuri kuliko mara ya kwanza, kwa sababu mwenye mshono hatoki nyumbani kwenda kupimwa kila siku. Siku ya tano jioni ilionyesha 154/101. Nilirudi hospitalini, wakathibitisha, wakaongeza dozi ya nifedipini, ambayo haimzuii mama kunyonyesha. Bila daftari ningesubiri hudhurio la siku ya saba nikiwa na imani kwamba yote yamekwisha. Presha ilitulia wiki ya tano.

Kuhusu kifaa chenyewe, mambo mengine ni madogo. Betri za bei ya chini za dukani mtaani zilidumu siku tisa. Za bei zaidi zilidumu wiki saba, na kwa hesabu hiyo za bei ya chini ndizo ghali. Kinaweza kuchomekwa kwenye umeme kwa waya unaouzwa peke yake, lakini kwa jinsi umeme wetu unavyokatika sikuuona umuhimu wake. Kumbukumbu yake huhifadhi vipimo vingi, ila haitofautishi watu: mume wangu alijipima Jumamosi moja na namba zake zikachanganyika na zangu, na kwa hiyo ninasisitiza daftari la karatasi. Sehemu ya kunatia ya mkanda imeanza kulegea baada ya miezi saba. Muuzaji alinipa hakikisho la mwaka mmoja, lakini hakuweza kuniambia ni wapi Mbeya mashine ya kidijitali inarekebishwa ikianza kupotoka, hivyo ulinganisho wa kila mara kliniki ndio kinga pekee niliyo nayo.

Je, inafaa fedha yake? Nitasema kwa uaminifu kwamba tafiti mbili kubwa za Uingereza zilizochapishwa mwaka 2022 hazikuonyesha kwamba kujipima nyumbani kunagundua presha ya ujauzito mapema zaidi, wala kunaishusha zaidi, kuliko huduma ya kawaida. Nimelifikiria sana hilo. Huduma ya kawaida ya kule ina mkunga wa kumpigia simu na mahudhurio yaliyo karibu karibu kwa mwenye hatari. Mwanamke wa Isyesye au wa Inyala mwenye hudhurio la mwezi ujao na mvua ya Machi barabarani yuko kwenye hali nyingine. Maoni yangu ni kwamba inunuliwe na aliyewahi kupata presha ya ujauzito, mwenye presha ya tangu awali, mwenye kisukari au ugonjwa wa figo, na mwenye mimba ya mapacha, kwa sharti kwamba kuna mtaalamu atakayezisoma namba zake. Asinunue anayetaka kuitumia badala ya kliniki. Mwongozo wa sasa ni mahudhurio manane katika ujauzito mmoja, na kama fedha iliyopo inatosha jambo moja tu, iende kwenye nauli ya mahudhurio hayo, kwani kule kuna kijiti cha mkojo na kitanda cha kupima mtoto. Kikundi chetu cha vikoba kimeamua kununua mashine moja ya pamoja, yenye mikanda miwili, na mimi nimepewa kazi ya kuichagua kutoka kwenye orodha ile ya wajawazito, mara hii kabla ya kulipa.

Mimi mwenyewe ninaendelea kupimwa kliniki kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu mwanamke aliyepata ugonjwa huu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kuwa na presha ya kudumu na maradhi ya moyo. Mashine yenyewe sasa iko Tukuyu kwa wifi yangu, mwenye ujauzito wa wiki 16. Nilimpimia mkono kwa futi, sentimita 27, nikamfungashia ule mkanda mdogo ambao mimi sikuutumia, na nikaiandika 115 kwa kalamu nyekundu ndani ya kifuniko cha boksi. Jana jioni alinitumia namba zake, 112/70 na 110/72, na chini yake akaongeza kwamba alikuwa amevua sweta.